Kamera ya dijitali na chenga za usiku: mazungumzo kutoka Troyeville, Johannesburg

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyosomwa hewani na mtayarishaji wetu aliyeko Johannesburg.

Katika mazungumzo ya leo nitajaribu kujibu swali ambalo limerudi mara nyingi katika barua zenu, nalo ni hili: kwa nini picha zilizopigwa kwa kamera ya dijitali jioni au ndani ya nyumba hutoka na chenga, na mtu anayekusudia kununua kamera achague ipi ili aepukane nazo?

Neno chenga ninalolitumia hapa ni lile lile la mchele, yaani zile punje zilizovunjika ambazo mama hupepeta kabla ya kuinjika chungu. Wengi wetu tulilisikia likitumika pia kwa televisheni isiyoshika mawimbi vizuri, ikawa inaonyesha vitone vyeupe na vyeusi vinavyochemka kama uji. Katika picha ya kamera mambo ni hayo hayo, isipokuwa vitone havichemki. Vimeganda pale pale, na mara nyingine vina rangi: chekundu hapa, cha buluu pale, kwenye shavu la mtu ambaye uso wake hauna rangi hizo kabisa.

Ninazungumza nanyi kutoka Troyeville, mtaa ulio juu ya mgongo wa kilima upande wa mashariki wa katikati ya jiji la Johannesburg. Wenye kupenda historia wataukumbuka kwa mambo mawili. Mahatma Gandhi aliishi hapa na jamaa zake, katika barabara ya Albemarle, mwanzoni mwa karne ya 20, alipokuwa wakili kijana. Na katika barabara ya Eleanor, tarehe 1 Mei 1989, mwanaanthropolojia David Webster aliuawa kwa risasi mbele ya nyumba yake kwa sababu ya kuupinga utawala wa ubaguzi wa rangi. Ukuta wa nyumba hiyo leo umepambwa kwa picha ya vipande vya vigae inayosimulia maisha yake. Kwa muda mrefu huu ulikuwa mtaa wa Wareno. Siku hizi ukitembea humu utasikia Kireno cha Msumbiji, Kizulu, Kishona, Kifaransa cha Kinshasa, na, ukitega sikio vizuri, Kiswahili cha Tanga na cha Lubumbashi.

Hayo yana uhusiano gani na kamera? Yana uhusiano kwa sababu ya mwanga. Mwezi Juni jua la Johannesburg huzama kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni. Watu wanaofanya kazi hawakutani mchana. Harusi, khitma, ibada za mkesha na mikutano ya vyama vya kuzikana hufanyika gizani, katika kumbi zenye taa mbili tatu au katika nyumba za zamani zenye madirisha membamba. Na kila moja ya shughuli hizo lazima ipigwe picha, kwa kuwa nusu ya wahusika wako mbali.

Jirani yangu mmoja, mzaliwa wa Tanga, hupata riziki yake kwa kazi hiyo. Mtaani anaitwa fundi, nami nitamwita hivyo. Majira ya baridi yaliyopita kijana mmoja wa huko kwao alifariki hapa jijini, na mazishi yakafanyika siku ile ile jioni. Mama yake hakuwa na namna ya kufika. Wapo wasiopenda picha makaburini, nami nawaheshimu, lakini mama mwenyewe ndiye aliyeomba apelekewe. Fundi akapiga, akazituma. Usiku mama akapiga simu akiuliza: baba, huyu aliyeshika jeneza mbele, upande wa kulia, ni nani? Fundi aliikuza picha kwenye kompyuta, akaitazama, akatuita na sisi tuitazame. Palikuwa na kanzu na kofia. Mahali pa uso palikuwa na kitu kama mchanga uliotiwa maji. Kati ya watu wanne waliokuwepo makaburini, hakuna aliyeweza kumjibu yule mama.

Kamera iliyofanya kazi hiyo haikuwa mbovu. Ilikuwa kamera ndogo ya mfukoni yenye megapikseli 20, na muuzaji alikuwa ameisifu kwa hesabu hiyo. Kwa picha ya saa sita mchana ufukweni ingetosha kabisa.

Sasa niruhusuni nizungumze kama mtu wa redio, maana jambo hili sisi tunalijua kwa upande wa masikio. Unapomrekodi mzee mwenye sauti ndogo, nawe umekaa mbali naye, unakizungusha kitufe cha mashine ili sauti ipande. Sauti ya mzee inapanda kweli, lakini pamoja nayo unapanda mvumo wa mashine yenyewe, na lile shhhh ambalo wasikilizaji wa masafa mafupi wanalifahamu tangu utotoni. Kitufe hakikuleta lile shhhh. Lilikuwepo, limejificha chini ya sauti, na sauti ilipokuwa dogo lilipata nafasi ya kusikika. Dawa anayoijua kila mtayarishaji ni kusogeza maikrofoni karibu na mdomo.

Katika kamera, kitufe hicho kinaitwa ISO. ISO 100 ni kitufe kikiwa chini, ISO 6400 ni kitufe kikiwa juu sana. Watu wengi wanaamini kwamba ISO kubwa ndiyo inayozaa chenga. Sivyo hasa. Chenga huzaliwa na upungufu wa mwanga, na ISO huzifunua tu. Maana yake ni kwamba anayetafuta kamera isiyo na chenga kwa kweli anatafuta kamera inayokusanya mwanga mwingi.

Upungufu huo wa mwanga una hesabu yake, nayo ni rahisi. Mwanga haumiminiki kama maji. Huja kwa chembe chembe, kama matone ya mvua ya rasharasha. Weka vikombe vingi uani mvua ikinyesha kidogo: havitapata matone sawasawa, kimoja kitapata manane, cha pili kumi na tatu. Acha mvua kubwa inyeshe saa nzima, na vikombe vyote vitakuwa karibu sawa. Kila kikombe ni kijitundu kimoja cha kamera, tunachokiita pikseli. Kikombe kilichotarajiwa kupata chembe 100 za mwanga hupungua au kuzidi kwa kama 10, yaani asilimia 10, na jicho linaiona tofauti hiyo. Kilichotarajiwa kupata chembe 10,000 hupungua au kuzidi kwa kama 100, yaani asilimia 1, na jicho halioni kitu. Ukipata mwanga mara nne, chenga hupungua kwa nusu. Kanuni hii ni tabia ya mwanga wenyewe, na hakuna kiwanda kinachoweza kuikwepa. Viwanda hushindana kupunguza mvumo wa vyombo vya umeme ndani ya kamera, na kwa kweli wameupunguza sana tangu mwaka 2000, lakini mvua ni ile ile.

Kutoka hapo tunafika kwenye jambo ambalo vitabu vya maelekezo ya kamera hupita karibu nalo bila kusimama. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga mchache kuliko ngozi nyeupe. Uso unaorudisha robo ya mwanga unaorudishwa na uso mwingine utakuwa na chenga mara mbili zaidi, chini ya taa ile ile, katika picha ile ile. Kwa hiyo mwandishi wa gazeti la Ulaya anaposema kwamba kamera fulani haina chenga zinazoonekana hata ikifika ISO 3200, yamkini anasema kweli kuhusu nyuso alizozipiga yeye. Sisi hatuna budi kuijaribu kwa nyuso zetu.

Historia ya jambo hili inaigusa Afrika Kusini moja kwa moja. Katika enzi ya filamu za rangi, maabara zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi ya picha ya mwanamke mweupe, kadi ambayo mafundi waliiita Shirley. Filamu iliyopendeza kwa Shirley ilikuwa filamu nzuri, na mweusi aliyekaa naye kwenye picha moja akabaki macho na meno. Mkurugenzi wa filamu Jean-Luc Godard, alipokwenda Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, alikataa kutumia filamu ya Kodak kwa sababu hiyo. Na kampuni ya Polaroid ilikuwa na kamera ya vitambulisho iitwayo ID-2, yenye kitufe maalumu cha kuongeza nguvu ya flashi kwa kiasi cha asilimia 42. Mitambo ya Polaroid ilitumika kupiga picha za pasi, ule waraka ambao Mwafrika alilazimika kuwa nao kila aendako chini ya utawala wa makaburu. Wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo nchini Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua jambo hilo mwaka 1970 na kuanzisha kampeni ya kuisusia. Polaroid ilijitoa Afrika Kusini mwaka 1977. Mwaka 2013 wasanii Adam Broomberg na Oliver Chanarin waliweka maonyesho kuhusu habari hiyo hapa hapa Johannesburg, katika ukumbi wa Goodman Gallery, na jina la maonyesho walilitoa katika maneno yaliyohusishwa na Kodak, yaliyoisifu filamu mpya kwamba inaweza kuonyesha farasi mweusi gizani. Tafakari mwenyewe, msikilizaji, ni nani aliyekuwa akisemwa kwa jina la farasi.

Kamera za dijitali hazina kadi ya Shirley ndani yake. Lakini zina kipimo cha mwanga, na kipimo hicho hakijui harusi. Kikiona gauni jeupe la bibi harusi limejaa katikati ya picha, hudhani kwamba mwanga ni mwingi, kikaupunguza. Gauni linatoka vizuri, kila ua la kitambaa likihesabika, na bibi harusi mwenyewe anazama kizani. Mpiga picha akifika nyumbani anaufungua uso kwa kompyuta, na pale ndipo chenga zinapochomoza zote kwa pamoja. Kwa hiyo kabla hata ya kununua kamera mpya, jaribu hili kwenye uliyo nayo: kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, kiweke kwenye kujumlisha, theluthi mbili hadi moja kamili, uso unapokuwa karibu na nguo nyeupe. Ua moja au mawili ya gauni yatapotea. Sioni hasara.

Sasa tuje kwenye kununua. Kitu cha kwanza cha kuuliza dukani ni ukubwa wa kihisi mwanga, yaani kile kibamba kilicho nyuma ya lenzi ambacho kimechukua mahali pa filamu. Muuzaji atataka kukueleza megapikseli. Msikilize kwa adabu, kisha urudie swali lako. Kihisi kikubwa kuliko vyote vya kamera za kawaida kina milimita 36 kwa 24, sawa na filamu ya zamani, eneo lake likiwa milimita za mraba 864. Kinachofuata, ambacho kimo katika kamera nyingi za bei ya kati za Nikon, Sony na Fujifilm, kina kama milimita 23.5 kwa 15.6, yaani eneo la kama 367. Cha Canon cha aina hiyo ni kidogo kuliko hapo kwa kiasi kidogo. Kamera za Olympus na nyingi za Panasonic zenye lenzi za kubadilisha zina 17.3 kwa 13, eneo 225. Halafu kuna kihisi kinachoitwa cha inchi moja, eneo lake 116 tu, na jina lisikudanganye, kwa maana hakuna upande wake wowote unaofika inchi moja. Mwisho kabisa ni kihisi cha kamera ndogo za mfukoni, kama ile ya fundi, chenye eneo la milimita za mraba 28 hivi. Ukigawanya, utaona kwamba kile kikubwa kinamzidi mdogo wake kwa kiasi cha mara 30. Uani kwetu, huo ni mfano wa sinia la pilau na kifuniko cha soda, vyote vikikinga mvua moja.

Je, megapikseli nyingi huongeza chenga? Wakati kamera hizi zilipokuwa changa, katikati ya miaka ya 2000, malalamiko hayo yalikuwa ya haki. Viwanda vilishindana kusukuma pikseli nyingi katika kihisi kidogo, na kila toleo jipya likawa na chenga kama la jana au kuzidi. Fujifilm walikwenda upande wa pili. Kamera zao ndogo, F10 ya mwaka 2005 na F30 ya mwaka 2006, zilikuwa na megapikseli 6 tu, lakini zilipiga picha za usiku ambazo kamera nyingine za mfukoni za wakati ule hazikuzikaribia, na wapenzi wa kamera bado wanazizungumzia. Mwaka 2007 Nikon wakaleta D3, yenye kihisi kikubwa na megapikseli 12, na waandishi wa habari wakaanza kupiga picha wakiwa ISO 6400 bila kuona haya, jambo ambalo miaka mitano kabla lingekuwa mzaha. Leo, kusema kweli, ukilinganisha vihisi viwili vya ukubwa mmoja na umri mmoja, na ukizitazama picha kwa ukubwa mmoja, idadi ya pikseli haibadilishi chenga kwa kiasi cha kukukosesha usingizi. Megapikseli 20 au 24 zatosha kwa picha ya kutundika ukutani. Usilipe zaidi kwa ajili ya hiyo namba.

Umri wa kamera una maana, lakini si sana kama matangazo yanavyotaka tuamini. Kamera ya mwaka 2005 na ya mwaka 2015 zimetengana kama mbingu na ardhi. Ya 2015 na ya leo, kwa upande wa chenga peke yake, ni majirani. Hii ni habari njema kwa mwenye mfuko mwembamba, kwa sababu kamera za miaka ile sasa zinauzwa zikiwa zimeshatumika, na kwa bei ya kamera mpya ya mfukoni unaweza kupata moja yenye kihisi kikubwa mara kumi na tatu.

Lakini fedha yako usiimalize yote kwenye mwili wa kamera, kwa kuwa bado kuna lenzi, na hapa ndipo nitakapokaa zaidi kidogo. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera, ile ya kuvuta na kurudisha, kwa kawaida hufungua tundu lake hadi 3.5 ikiwa pana, na ikivutwa mbele hufikia 5.6. Namba hizi huenda kinyume: iliyo ndogo ndiyo tundu kubwa. Sasa kuna lenzi fupi, nyepesi, isiyovuta wala kurudisha, yenye milimita 50 au 35 na tundu la 1.8, ambayo karibu kila kiwanda huitengeneza na ambayo kwa kawaida ni miongoni mwa lenzi zake za bei nafuu. Tofauti ya tundu la 5.6 na la 1.8 ni mwanga mara kumi, au karibu sana na kumi. Pale lenzi ya kwanza inapokulazimisha kupandisha ISO hadi 6400, ya pili inakuruhusu ukae 640. Hakuna badiliko lolote la mwili wa kamera, kwa fedha yoyote ya kawaida, litakalokupa faida kama hiyo. Katika lugha ya redio, huko ndiko kusogeza maikrofoni mdomoni.

Fundi alipofanya hesabu hiyo aliiuza ile kamera ndogo, akaongeza akiba ya miezi mitatu, akanunua kamera iliyotumika yenye kihisi cha ukubwa wa kati na lenzi moja ya milimita 35. Muuzaji alimshangaa kwamba hataki lenzi ndefu ya kuvuta. Alimjibu kwamba yeye ana miguu.

Lenzi hiyo ina masharti yake. Tundu likiwa wazi sana, kina cha picha huwa kifupi: pua iko wazi, sikio limefifia. Kwa picha ya bwana na bibi hilo hupendeza. Kwa picha ya ukoo mzima uliopangwa safu tatu ni balaa, na itakubidi urudi kwenye 4 au 5.6 na kuomba taa ziongezwe. Aidha kuna kamera na lenzi zenye kifaa cha kutuliza mtikisiko wa mkono. Ni kizuri kwa majengo na kwa wazee waliokaa, kwani hukuwezesha kuacha mwanga uingie kwa muda mrefu zaidi. Lakini hakiwatulizi wanaocheza. Ngoma ikipamba moto unahitaji kasi ya sehemu moja ya 125 ya sekunde au zaidi, na hapo kifaa hicho hakina la kukusaidia.

Jambo jingine ambalo mitaa kama huu wetu hulifundisha ni rangi ya taa. Taa za barabarani za zamani, zile za sodiamu, hutoa mwanga wa njano tupu. Mshumaa na taa ya mafuta navyo vina buluu kidogo mno. Katika mwaka 2023, uliokuwa mbaya kuliko yote katika historia ya mgawo wa umeme nchini humu, Troyeville iliishi jioni nyingi kwa mwanga wa aina hiyo. Sasa kihisi cha kamera nyingi kimegawanywa kwa mpango aliouvumbua Bryce Bayer wa Kodak na kusajiliwa mwaka 1976: nusu ya vijitundu huona kijani, robo nyekundu, robo buluu. Chini ya mshumaa, ile robo ya buluu hufa njaa. Kamera, kwa nia njema, hujaribu kuirudishia picha weupe wake kwa kuikuza buluu, na hapo hukuza chenga za buluu pamoja nayo. Ndiyo sababu ya yale madoa ya rangi usoni. Ukiiacha picha ibaki na njano yake kidogo, chenga zitapungua, na mshumaa utaonekana kuwa mshumaa. Taa ya betri yenye mwanga mweupe, ikielekezwa ukutani au kwenye dari badala ya machoni mwa watu, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, na haizidi bei ya chakula cha mchana cha watu wawili.

Wengi mtaniuliza: na simu je? Simu nzuri ya leo, licha ya kuwa na kihisi kidogo, huishinda ile kamera ndogo ya mfukoni usiku, na sababu yake si ya kichawi. Simu hupiga picha nyingi kwa mfuatano wa haraka, ikazipanga juu ya nyingine na kutafuta wastani. Chenga hubadilika mahali kutoka picha hadi picha, uso haubadiliki, na kwa hiyo wastani wa picha 16 hupunguza chenga hadi robo. Google walilipa jambo hili sifa kubwa mwaka 2018 kwa mtindo wao wa usiku katika simu za Pixel, na wengine wakafuata. Kwa mtu aliyekaa kimya, chukua simu, hapana haja ya kwenda dukani. Kwa watu waliobeba jeneza na wanatembea, wastani huo hugeuka ukungu, au programu hubuni ngozi laini kama ya mwanasesere ambayo si ya mtu yeyote.

Na hilo linanileta kwenye onyo dogo kuhusu usafi wa kupita kiasi. Kamera nyingi hufuta chenga zenyewe kabla ya kuihifadhi picha, na pamoja nazo hufuta vinyweleo, makunyanzi, na alama ya ndui ambayo mama mtu angemtambua nayo mwanawe. Ikiwa kamera yako ina nafasi ya kuhifadhi faili ghafi, itumie, uzifute chenga mwenyewe baadaye kwa kiasi unachotaka. Kama haina, punguza nguvu ya kufuta chenga katika mipangilio. Santu Mofokeng, mpiga picha wa Soweto aliyefariki mwaka 2020, alipiga mwaka 1986 mfululizo wa picha za ibada ndani ya treni za abiria, kwa filamu nyeusi na nyeupe, watu wamebanana, treni ikiyumba. Picha hizo zina punje punje za filamu kila mahali, na kila uso una mwenyewe. Mimi, nikilazimishwa kuchagua kati ya chenga na ukungu, nachagua chenga.

Mwisho, namna ya kuijaribu kamera dukani, hasa iliyotumika. Nenda na kadi yako ya kumbukumbu na rafiki mmoja mwenye subira. Mweke rafiki pembeni palipo na kiza, si chini ya taa za kioo cha duka, na avae shati jeupe kama analo. Funga flashi. Piga picha moja kwa ISO 1600, ya pili kwa 3200, ya tatu kwa 6400. Usizihukumu kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera, maana humo kila picha ni nzuri. Nenda nazo nyumbani, zifungue kwenye kompyuta, utazame jicho na mstari wa nywele. Kabla ya kuondoka dukani, vaa kofia ya lenzi, weka muda wa sekunde 10, upige giza tupu. Vitone vichache vyenye kung'aa ni vya kawaida, na kamera nyingi zina namna ya kuvificha. Vikijaa kama nyota za Serengeti, irudishe kamera kwa mwenyewe. Kwa wasikilizaji wa pwani naongeza kwamba joto nalo huzidisha vitone hivyo: mvumo utokanao na joto huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 6 hadi 8, kwa hiyo kamera iliyojaribiwa katika usiku wa baridi wa Johannesburg isikushangaze ikibadilika tabia kidogo huko Mombasa mwezi Februari, hasa kwa picha za muda mrefu. Uliza pia imeshapiga picha ngapi tangu ilipotengenezwa. Mlango mdogo unaofunguka na kufungika mbele ya kihisi huchakaa, na kuubadilisha huweza kugharimu karibu bei ya kamera yenyewe.

Kutoka Troyeville, Johannesburg, nawatakieni usiku mwema. Maswali yenu kuhusu lenzi na kadi za kumbukumbu yameshafika, nami nitayajibu katika mazungumzo yajayo.